Faida yangu imo ndani ya kopo lenu

Mheshimiwa Mhariri,

Salamu kutoka mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nimesoma katika gazeti lenu barua ya kijana mmoja anayesema watu wa Lubumbashi hatupati mali kwa sababu ya bia, nguo za sikukuu na muziki. Anashauri kila mtu awe na daftari, aandike matumizi ya mwezi mzima, akate yasiyo na maana na akiba aipeleke benki. Ameandika kwa adabu, sina ugomvi naye. Ila ushauri wake ni wa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Kwenye avenyu yetu watu wa namna hiyo nawajua wote kwa majina, na vidole vya mkono mmoja vinawatosha. Waliobaki ni fundi wa matofali, dereva wa pikipiki, mama wa mboga, kijana anayebeba mizigo mpakani Kasumbalesa. Hao wanaona pesa kila siku, kidogo kidogo, na siku nyingine hawaioni kabisa. Uwaambie wapange matumizi ya mwezi, watakuuliza mwezi gani.

Mimi nauza unga wa mahindi. Kutoka nyuma ya meza yangu naona kila jioni namna pesa za watu zinavyotoka, za walevi na za wale wasioonja hata tone, za waliookoka na za wasiosali, na zote zinapita mlango mmoja. Mlango huo ni kopo langu la kupimia unga. Wenzangu wa sokoni watanichukia kwa barua hii, lakini nimekwisha kuzeeka na mapacha wangu wamemaliza masomo, basi niseme.

Wiki hii mfuko wa kilo 25 nimeupata kwa faranga 40,000. Ndani yake natoa makopo 24, nikijaza kwa haki na kuacha kichuguu juu, maana mteja wa Katuba asipoona kichuguu haondoki. Kila kopo ni faranga 2,000. Jumla 48,000. Kwa hiyo kila mfuko unaniachia 8,000, humo natoa ya mwenye mkokoteni na ushuru wa meza, kinachobaki ni changu. Bei yenyewe huenda ikabadilika kabla hamjaichapa barua hii, lakini sura ya hesabu ni ileile tangu nianze biashara. Anayemaliza mifuko mitano kwa kopo amelipia mfuko wa sita ambao hakuuona.

Sasa tuchukue nyumba ya watu wanane. Bukari yao, ndiyo ugali, inakula karibu mifuko miwili kwa mwezi. Kwa mwaka ni mifuko 24, na wananiachia faranga 192,000, yaani karibu mifuko mitano mizima ambayo haikuingia kwenye sufuria ya mtu yeyote nyumbani kwao. Baba wa nyumba hiyo hanywi. Mama hana nguo ya sikukuu tangu sijui lini. Wakiandika matumizi yao kwenye daftari la kijana wetu wataandika nini? Unga, unga, unga, makala (yaani mkaa), mafuta, sabuni. Hakuna cha kukata. Daftari litasema hawana kosa, na kweli hawana, lakini kila mwaka mifuko mitano inavuka barabara kuja kwangu.

Na huo ni unga tu. Makala ni mabaya zaidi. Anayenunua kichungu kwa kichungu, yaani fungu dogo dogo, kila jioni, akijumlisha mpaka afikie gunia, atashangaa. Mafuta ya kupikia ya kifuko cha plastiki, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi, vitunguu viwili viwili, yote ni hivyo. Tunauita kadogo, tunacheka, tumezoea. Duka la kadogo lina rehema kwa sababu linakuuzia kwa pesa uliyo nayo mkononi leo, na mimi mwenyewe nimeishi kwa rehema hiyo pande zote mbili za meza. Lakini rehema hiyo ina bei yake, na anayeilipa ni yule mwenye pesa ndogo kuliko wote. Tajiri wa mtaa wa Golf unga wake anaupata kwa bei ya chini kuliko mfagiaji wake.

Kijana huyo labda hajui kwamba nyumba nyingi za mji huu hazikuishi hivyo zamani. Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto, ikawapa posho: unga, maharage, samaki, mafuta. Gécamines, kampuni ya serikali, ilipochukua nafasi yake baada ya 1967, desturi iliendelea, mfuko wa unga ukafika nyumbani bila mtu kwenda sokoni. Mimi niliolewa kambini mwaka 1986, mwaka ambao kampuni ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba, na nilimkuta mama mkwe wangu ana utaratibu wake ambao sijauona kwa mtu mwingine. Mfuko ukifika alikuwa akiupiga mistari ubavuni kwa kipande cha mkaa, mistari mitatu, kuugawa katika juma nne. Unga ukifikia mstari kabla ya Jumapili, bukari inapunguzwa na sombe, majani ya muhogo, inaongezwa, na hakuna mjadala, hata kwa baba mkwe. Hakujua kusoma. Aliweza kukuambia siku ya Jumatano kama mwezi utafika au hautafika.

Sisemi posho ilikuwa mbinguni. Ilitulemaza kwa mambo mengi, tulikaa tukimngoja baba mkubwa atulishe, na aliposhindwa kutulisha hatukujua hata bei ya mbegu. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mwaka uliofuata mji ukaporwa, na kufikia katikati ya miaka ile shaba ya Gécamines haikutosha kuitwa shaba, wala tani 40,000 kwa mwaka haikufika. Nyumba zilizokuwa zikipimwa kwa mfuko zikaanza kupimwa kwa kopo. Yaliyotokea hapo hayakuwa umaskini peke yake. Watu waliokuwa wakifikiri kwa mwezi walijifunza kufikiri kwa siku, na watoto wao, akina kijana wetu, hawakuona kitu kingine.

Halafu zikaja pesa za 2003 na 2004. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa hiari, kama ilivyoitwa, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na kila mmoja akapewa kiasi chake cha dola mara moja. Baba Mapasa, mume wangu, alikuwa miongoni mwao. Hadi leo watu wakikumbuka habari ile husema wanaume walizinywa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nauza, na niliona zilivyokwenda. Zilizonywewa zilikuwepo, ndiyo, na wapo walioongeza mke. Lakini nyingi zaidi zilikwenda kwa njia za heshima kabisa. Kwanza madeni ya dukani na ya wakopeshaji wa riba wa mtaani. Kisha ndugu kutoka kijijini, ambao nao walikuwa wamengoja. Kisha gari la taksi lililonunuliwa likiwa limechoka, likala vipuri mpaka likasimama uani likafugiwa kuku. Na kitu ambacho hakuna aliyekihesabu: sufuria. Nyumba iliyokuwa ikila kapenta, yaani dagaa, ikaanza kula nyama kila siku, mkate wa asubuhi, soda kwa watoto. Kwa mlo mmoja si kitu. Lakini hakuna baba anayeweza kusimama siku moja akawaambia watoto kuanzia kesho hakuna nyama, basi wanaendelea mpaka pesa iwaambie yenyewe.

Baba Mapasa naye alitaka gari. Tulibishana mpaka majirani wakajua. Hoja yangu ilikuwa moja: pesa hii imekuja yote kwa siku moja, na sisi tunakula kila siku, basi tuigeuze iwe kitu kinachotoa kila siku. Alikubali kwa shingo upande. Tulinunua parseli ndogo, yaani kiwanja, akajenga vyumba viwili vya kupangisha, mimi nikachukua sehemu nikaenda kununua mahindi. Na sufuria haikuguswa. Tulikula sombe na kapenta kama tulivyokula mwaka uliotangulia, wageni wakija tunaongeza maharage. Shemeji zangu walisema namnyima kaka yao. Wapangaji wa vyumba vile ndio waliolipa masomo ya mapacha baadaye, pamoja na makopo yenu.

Kuhusu benki, mwanangu asituone sisi wazee wakaidi. Nilikuwa binti mdogo Noeli ya 1979 tulipoambiwa noti za zaire 5 na 10, pesa yetu ya wakati huo, hazifai tena, mipaka ikafungwa, watu wakapanga mstari kubadilisha kiasi kilichoruhusiwa, kilichozidi kikawa karatasi. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 ziligeuka kuwa zaire mpya moja. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000, asubuhi unauza, jioni pesa yako hainunui tena ulichouza. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Mtu aliyepita humo ukimwambia akiba ya karatasi, anashtuka kwanza, kisha ndipo anakusikiliza. Leo benki zinapokea dola na binti yangu amefungua akaunti, sawa, simkatazi. Mimi dola zangu chache zimelala ndani ya kitabu cha nyimbo, bila kukunjwa, maana dola yenye mchaniko wa urefu wa kucha hakuna mbadilishaji wa mjini atakayeigusa. Akiba yangu kubwa lakini iko katika vitu ambavyo nitavitumia hata hivyo: mahindi, makala, matofali, mabati.

Sasa nieleze namna ya kutoka kwenye kopo, maana kulalamika ni rahisi. Likelemba mnaijua nyote, kila mtu anaweka, mmoja anapokea. Likelemba ya pesa nimeshiriki nyingi, na taabu yake ni kwamba pesa ikifika nyumbani ina ndugu wengi. Kwenye avenyu yetu wanawake watano wakaniomba ushauri, nikawaambia wafanye likelemba ya mfuko. Kila mmoja anaweka faranga 1,600 kwa siku. Watano ni 8,000. Siku ya tano zimefika 40,000, wawili kati yao wanakwenda pamoja kwa muuzaji wa jumla, mfuko unaingia nyumba ya mwenye zamu. Kila baada ya siku 25 kila nyumba imepata mfuko wake. Angalieni basi: mama aliyekuwa akija kwangu kila jioni na 2,000 kwa kopo moja, sasa anatoa 1,600 kwa karibu unga uleule. Anayekula makopo mawili anaweka mikono miwili, anahesabiwa zamu mbili. Pesa hailali kwa mtu zaidi ya siku nne, na mfuko ukifika nyumbani ndugu wanaweza kuula, lakini hakuna anayeukopa aende nao baa.

Ugumu upo mwanzoni. Mama wa zamu ya tano anaweka pesa na wakati huohuo bado ananunua kopo, maana mfuko wake haujafika. Ndiyo sababu walianza mwezi wa sita, unga ulipokuwa umeshuka, na mwenye watoto wengi akapewa zamu ya kwanza bila kupiga kura. Kukwepa kulipa ni vigumu: wote watano wanachota maji bomba moja. Mmoja alijaribu. Alichota maji usiku kwa juma mbili, kisha akachoka, akalipa.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Zile faranga 400 unazookoa kwa siku, usipozipa kazi siku hiyohiyo, kadogo nyingine itazila, vifuko vya maji baridi, vocha ya simu, karanga. Akina mama wale wana mkebe wenye kufuli, mkebe unakaa kwa mmoja na ufunguo unakaa kwa mwingine. 400 kwa siku ni 12,000 kwa mwezi, 144,000 kwa mwaka. Wawili kati yao wanazigeuza kuwa matofali ya kuchoma kila baada ya miezi michache. Kununua matofali kidogo kidogo nayo ni kadogo, lakini hii haina hasara, maana tofali la leo na tofali la mwakani yanakaa kwenye ukuta mmoja. Jambo moja tu la kuangalia: kabla ya kumwaga hata tofali moja kwenye parseli, karatasi za parseli ziwe zimepita ofisini na majirani wamekuona. Parseli iliyouzwa mara mbili katika mji huu si hadithi ya mbali.

Wakati wa kununua nao ni mali. Mahindi yanavunwa tangu mwezi wa nne, yanajaa mwezi wa tano na wa sita, na mengi tunayokula hapa yanatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu ghala zimekauka, barabara zimelowa, bei inapanda, na kila mwaka watu wanaulizana kwa nini, kana kwamba mvua imekuja kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 ukame ulipoikumba Zambia hadi serikali yao ikatangaza janga la taifa, waliokuwa na magunia mawili ya mahindi chumbani walilala usingizi. Mahindi, nasema, si unga: unga haukai. Yakaushwe mpaka punje ikatike kwa jino, yatiwe kwenye pipa la plastiki linalofungwa vizuri hewa isiingie, fukusi anakufa mwenyewe. Unasaga ya juma mbili mbili, na pumba usimwachie mwenye mashine, wafuga kuku wanainunua. Makala nunua kabla ya mvua ya kwanza, magunia yaliyokauka, lori likiwa bado linapita msituni bila kusukumwa. Mbabula, jiko la makala, yenye udongo ndani inakula makala kidogo kuliko ile ya bati tupu, na fundi wa mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, anaitengeneza palepale ukisubiri. Madaftari ya shule nunua mwezi wa saba. Hayo mengine mnayajua.

Jambo la shule linanikumbusha. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, nyumba nyingi ziliacha kulipa pesa ambayo zilikuwa zikiipata kila mwezi, kwa taabu lakini zikiipata. Niwaulize wasomaji wenu: pesa hiyo ilikwenda wapi? Haikubaki. Dada yangu mdogo ana watoto watatu waliokuwa msingi wakati huo. Mumewe alisherehekea, yeye akanyamaza, akaendelea kudai ile pesa kila mwezi kama karani wa shule, akiiweka kwenye mkebe. Walipofika sekondari, ambako kulikuwa bado kunalipwa, mkebe ulikuwa umeshiba. Wakati wote huo nyumba haikuhisi imepunguziwa kitu, kwa sababu ilikuwa imezoea kukosa pesa hiyo. Ukisikia mzigo umepungua, endelea kuubeba kidogo, ila sasa jibebee mwenyewe.

Kilio nitakitaja kwa kifupi kwa sababu najua nitatukanwa. Nimeona familia imeuza friji na mashine ya kushonea ili watu wote wavae kitenge kimoja na fulana zenye picha ya marehemu, maturubai yakodiwe, na muziki upigwe mpaka alfajiri, wakati marehemu huyo alifariki dawa ikiwa imekosekana. Kumzika mtu kwa heshima ni wajibu. Kulisha waliokuja kulia nako ni wajibu, na sisi tunachanga. Lakini sare ya kilio ni deni ambalo mjane analilipa peke yake, waliovaa wamekwisha kurudi makwao. Nimewaambia mapacha wangu: siku yangu ikifika, kila mtu avae alichonacho.

Kuna watu ambao barua hii haiwahusu, na ni lazima niseme ili nisionekane nawacheka. Kuna siku mteja anakuja na faranga 1,000 anaomba nusu kopo, na macho yake yanasema hiyo ndiyo yote. Huyo usimpe daftari wala likelemba. Hana 1,600 ya kuweka kesho kwa sababu hajui kama kesho ipo na pesa. Kubana matumizi hakuzai kazi, na nachoka na wanaowahubiria wasio na kitu namna ya kukitunza. Mimi nampa kopo zima, tunaandika. Wengine hulipa. Ninaowasema ni wale wengi wa katikati, wanaopata 10,000 leo, 6,000 kesho, ambao kwa mwaka mzima wanapitisha mkononi pesa ya kutosha kujenga chumba, na hawajui, kwa sababu hawakuiona imekaa pamoja hata siku moja.

Basi ombi langu kwako, Mheshimiwa Mhariri. Ninyi mnachapa bei ya dola na habari za bei ya shaba huko London, ambayo sisi hatuuzi wala hatununui. Tuchapieni kila juma, hata kwenye kona ndogo, bei ya jumla ya mfuko wa unga wa kilo 25, bei ya gunia la mahindi Kasumbalesa, bei ya gunia la makala pale malori yanaposhushia mzigo, na bei ya dumu la mafuta. Tumeni kijana mmoja aulize wauzaji watatu wa jumla, si mmoja, maana wauzaji tunadanganyana. Kona hiyo itakatwa ibandikwe kwenye bomba la maji, atakayejua kusoma atawasomea wengine. Wauzaji wa kopo tutapunguziwa kichuguu chetu cha faida, najua, na sokoni wataniuliza nani aliyenituma. Nikipata juma la kwanza la bei hizo nitaleta mwenyewe ofisini kwenu bei za mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, bila malipo, ila nauli.

Wako katika kazi,
Mama Mapasa, muuza unga
Katuba, Lubumbashi